Jalada la Alizeti

Nilimwonea wivu kabla hajafungua mdomo. Alishuka kwenye bodaboda mbele ya steshenari yetu pale Mandewa, Singida mjini, begi la laptopu begani, kucha zimepakwa rangi ya maziwa. Akamwamkia mwalimu, akanisalimia mimi, na mwanangu wa miaka miwili, ambaye akiona mgeni hujificha nyuma ya mashine ya kopi, akatoka akamfuata na kumshika kidole. Naanza na hilo kwa sababu nimeona watu wakiandika habari zao hujisafisha kwanza ndipo wasimulie. Mimi sijisafishi. Nilifanya jambo baya, na nilijua ni baya wakati nalifanya.

Mwalimu ndiye mwenye steshenari. Alifundisha kwaya miaka mingi, akastaafu, akafungua duka la kuchapa kadi za harusi, ratiba za mazishi na mabango ya kwaya zinazozindua albamu. Alinichukua nikiwa nimemaliza kidato cha nne na mimba ya miezi mitano, baba wa mtoto ameondoka kwenda kutafuta maisha, na mpaka leo bado anayatafuta. Mwalimu hakuniuliza chochote. Alinikalisha kwenye kompyuta, akanionyesha namna ya kuweka picha ya marehemu na kuizungushia msalaba au mwezi na nyota kutegemea na familia, akaniacha nijifunze mengine mwenyewe.

Halafu akaanzisha jarida. Jarida dogo la muziki wa mkoa wetu, linalotoka kila baada ya miezi mitatu: vijana wa bongofleva wa mjini, kwaya za Iramba na Mkalama, wazee wanaopiga zeze na watu wamewasahau. Mwalimu aliandika ndani. Jalada nilitengeneza mimi.

Nataka ieleweke jalada lilikuwa nini kwangu. Katika maisha yangu yote vitu vyangu vilikuwa vya kupewa au vya kubakishiwa. Jalada lilikuwa langu. Kwenye ukurasa wa pili, chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa aliyelitengeneza, na aliyelitengeneza nilikuwa mimi.

Nilijifunzia wapi? Kwenye madaftari. Shuleni kwetu Iguguno kila daftari lilitakiwa kuwa na kava, na mwalimu wa zamu alikagua kila Jumatatu. Wenye nacho walinunua karatasi ya kaki dukani. Sisi wengine tulichana mfuko wa saruji, tukakung'uta vumbi, tukaugeuza ndani nje. Lakini msichana niliyekaa naye dawati moja alikuwa na kaka kondakta wa basi la Dar, na kaka alimletea majarida ya muziki ambayo abiria waliyaacha kwenye viti. Daftari lake la Historia lilivaa picha ya mwanamuziki mmoja wa kike, kidevu juu, anakuangalia kama umemkanyaga. Darasa zima liliazima daftari lile. Hakuna aliyekuwa na haja na Historia.

Langu la saruji halikuazimwa na mtu, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake.

Siku moja nililiazima na mimi, nikabandua kava lile taratibu kwa mate, nikaliweka chini ya godoro nyumbani. Jumatatu yeye alichapwa kwa kuwa na daftari lililo uchi. Nilikaa pembeni yake nikimwangalia anavyofuta machozi kwa kola. Nililala juu ya picha ile kwa muda mrefu, na kila jioni kabla giza halijaingia niliitoa nikaichunguza kama mganga anavyochunguza matumbo ya kuku. Niligundua macho yake yalikuwa yamewekwa pale pale ambapo macho ya mtu anayepita yangeanguka. Niligundua nywele zake zilikuwa zimefunika herufi mbili za jina la jarida, na bado nililisoma jina. Nyekundu ilikuwepo sehemu mbili tu, mdomoni na kwenye neno moja kubwa pembeni, kwa hiyo ukitoka mdomoni unakwenda kwenye neno hata kama hutaki. Kwingine kote pameachwa wazi. Nilikuwa nadhani uzuri ni kujaza. Kumbe ni kuacha.

Basi toleo la kwanza la mwalimu niliweka kijana mmoja mpiga gita, kichwa chake kimeingia kwenye jina la jarida. Mwalimu akashtuka.

"Umeficha jina letu, mama."

"Linasomeka, mwalimu."

"Linasomeka nusu."

"Nusu inatosha. Nusu nyingine watu watakuja kuitafuta."

Toleo la pili nikaweka kwaya, wote wamevaa majoho meupe na wanaangalia juu kama kawaida ya kwaya, isipokuwa dada mmoja wa katikati ambaye mpiga picha alimkuta anaangalia kamera kwa bahati mbaya. Mpiga picha alitaka kuifuta ile picha. Nikamwambia nipe hiyo hiyo. Tulipolitundika dukani kwa vibanio vya nguo, mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa alisimama akasema, "Huyu mbona ananiangalia mimi?" Akalichukua. Siku ile nilirudi nyumbani natembea kama mtu mwenye kiwanja.

Sasa huyu binti wa laptopu. Alikuwa mtoto wa kaka yake mwalimu, ana diploma ya usanifu kutoka Dodoma, na amekuja kupumzika huku akitafuta kazi. Mwalimu akasema toleo la tatu litengenezwe na yeye. Alisema mbele yangu, kwa upole wake ule unaoniudhi.

"Tumpe nafasi aonyeshe alichosomea. Wewe utapumzika kidogo, una mtoto."

Nina mtoto. Nilikuwa na mtoto nilipotengeneza la kwanza, nikamnyonyesha mkono mmoja na mkono mwingine kwenye mausi. Hakuna aliyesema nipumzike. Lakini kwa mwalimu utasema nini? Nikasema sawa.

Jambo lenyewe lilikuwa zito. Mwalimu alituambia wazi kwamba toleo hili likibaki mikononi, jarida limekwisha, hawezi kuendelea kuchapa karatasi za kufungia maandazi. Alimchagua mwimbaji mmoja wa Iguguno, mama mtu mzima anayeimba kwa Kinyiramba kwenye harusi na sherehe za mavuno, ambaye sauti yake iko kwenye simu za watu kuanzia huko hadi Nduguti. Sura yake wengi hawajawahi kuiona karibu. Huyo angeliuza jarida. Mimi nilizaliwa Iguguno. Mama huyo aliimba siku mdogo wangu anabatizwa. Lile jalada lilikuwa langu kwa kila haki, nikabaki namwangalia mgeni wa Dodoma akipanda gari kwenda kumpiga picha.

Alirudi jioni amechangamka, viatu vimejaa vumbi, akafungua laptopu mezani kwangu. Kwenye meza yangu.

Picha ilikuwa nzuri. Sikatai. Alimsimamisha mama yule katikati ya shamba la alizeti lililochanua, akamshikisha ua moja kubwa kwa mikono yote miwili, chini ya kidevu. Mama anatabasamu, anaangalia pembeni, mbali. Njano kila mahali. Jina la jarida kaliandika kwa kijani. Chini kaweka maneno: "Fahari ya Singida."

Niliangalia nikajua hapo hapo.

Kila msimu wa kupanda, Iguguno huja watu wa mbegu. Wanakuja na gari lenye spika, wanagawa vipeperushi, na kwenye kila kipeperushi kuna mama anatabasamu katikati ya shamba, ameshika ua la alizeti kwa mikono miwili. Baba yangu alivibandika ukutani sebuleni mpaka tukakosa pa kutundika kalenda. Mtu wa Dodoma akiona alizeti anaona uzuri. Sisi tunaona palizi, tunaona ndege wanaokula, tunaona mashine ya kukamua. Na mama mwenye ua mkononi tunamjua. Huyo ni wa mbegu.

Binti akanigeukia. Mwanangu alikuwa amekaa mapajani kwake, anachezea cheni yake.

"Dada, wewe ni wa kule. Unaonaje?"

Aliniuliza kwa moyo safi. Nataka hilo nalo liandikwe. Hakuwa anajionyesha. Nilimwangalia mwanangu anavyocheka mapajani kwa mwanamke mwingine, nikaangalia ile laptopu inayong'aa, nikaikumbuka "utapumzika kidogo."

"Iko vizuri," nikasema.

"Kweli?"

"Iko vizuri sana."

Likachapwa.

Siku ya mnada tulikwenda Iguguno na marobota mawili. Mwalimu alipitiliza na mengine hadi Nduguti kwenye zile ofisi mpya za wilaya, akatuacha mimi, binti na mwanangu chini ya turubai, tukapakana na fundi cherehani upande mmoja na muuza kandambili upande mwingine. Tukafunga kamba, tukatundika majarida kwa vibanio, uso wa mama ukapangana ishirini, na maua ishirini.

Wa kwanza alikuwa mzee mwenye fimbo na koti la kijivu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hii inakomaa miezi mingapi?"

Binti akatabasamu. "Tunatoa kila baada ya miezi mitatu, baba."

"Mitatu." Mzee akaligeuza. "Muda mfupi. Na ndege?"

"Ndege?"

"Ndege hawaisumbui?"

Binti akaniangalia. Mimi nikawa namfunga mwanangu kamba za viatu, na viatu vyenyewe vilikuwa vya kuchomeka. Mzee akakunja jarida, akalitia mfuko wa ndani wa koti.

"Nitaliangalia nyumbani. Namba ya bwana shamba imo?"

"Baba, hili ni la kununua," binti akasema.

"La kununua?" Mzee alilitoa akalirudisha kwenye kamba kwa heshima zote. "Makaratasi ya mbegu hayauzwi, mwanangu. Toka lini? Mwaka jana walitupa na kofia."

Wakaja kina mama watatu. Mmoja akauliza kama mafuta yake yanakuwa mengi au ni ganda tu. Mwingine akajibu kwa niaba yetu kwamba hii aliipanda jirani yake ikamtoa machozi. Kijana mmoja wa bodaboda alilichukua akasoma jalada lote kwa sauti, "Fahari ya Singida," akasema hiyo bado haijafika dukani, aliyonayo wakala ni nyingine. Muuza kandambili akawa anacheka chini chini. Kufika saa nne tulikuwa tumeuza moja, kwa mwalimu wa sekondari, na yeye alitaka tu kitu cha kukalia.

Nilikuwa nimesubiri saa ile kwa siku nyingi. Nilidhani itakuwa tamu. Kwa muda kidogo ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Kisha mwimbaji mwenyewe akafika.

Alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba, amejipamba kuja kujiona. Alikuwa hajafika hata kwenye kamba yetu, mwanamume mmoja akamwita kutoka kwenye mbuzi, "Mama, siku hizi umehamia kwenye mbegu? Muziki haulipi?" Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mama akacheka nao. Halafu akasogea, akasimama mbele ya nyuso zake ishirini, akaziangalia moja moja kama anatafuta iliyo yake.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba." Alinitambua, maana alinitaja kwa jina la baba yangu. "Mwanangu, na wewe upo humu?"

"Nipo, mama."

"Wamesema mtaandika kwamba naimba."

"Imeandikwa ndani, mama. Kurasa nne."

"Ndani," akasema. Akakunja upindo wa kitenge chake, akaenda kukaa kwa wauza vitenge, ametugeuzia mgongo.

Mgongo ule ndio ulioniondolea utamu. Nilimkumbuka msichana wa dawati langu, kola yake imelowa. Nilikuwa nimebandua tena kava la mtu, na safari hii anayechapwa siye niliyemkusudia.

Binti alikaa kwenye robota. Hakulia. Ningependa angelia, ingekuwa rahisi. Alimwondoa mwanangu mapajani kwake, akaniletea, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Dada, wewe umezaliwa hapa. Hukuliona hili?"

"Niliona."

"Lini?"

"Jioni ile ile. Ulipofungua tu."

Fundi cherehani akaacha kukanyaga. Nikangoja matusi, nilikuwa na ya kumrudishia tayari, nimeyapanga tangu Mandewa. Hakutukana.

"Ungeliwekaje?" akauliza.

Hasira iliyonipanda hapo sijui niielezeje. Nilitaka tugombane kama watu. Yeye anauliza swali la darasani, na swali lenyewe ndilo pekee nililotamani mtu aniulize tangu siku ile. Nikasimama.

"Nishikie mtoto," nikasema.

Nilikwenda kwenye duka la madaftari, nikarudi na karatasi kadhaa za kaki na kalamu nene ya wino mweusi. Nikaazima mkasi kwa fundi. Akasema nisikatie karatasi utazidi kuwa butu, nikakatia karatasi. Nililiweka jarida juu ya goti, nikalivalisha kava kama tulivyokuwa tukiyavalisha madaftari, pembe zimekunjwa ndani, mgongo umebana. Kisha nikatoboa dirisha moja mbele, dogo, kuanzia kwenye kilemba mpaka juu kidogo ya kidevu. Ua likafichika. Shamba likafichika. Fahari ya Singida ikafichika, na jina la jarida la mwalimu nalo likaenda. Ukabaki uso wa mama kwenye kaki kavu.

"Haangalii mbele," binti akasema. Ameinama begani kwangu, nasikia harufu ya mafuta yake ya nazi. "Macho yameenda pembeni."

"Naona."

"Basi neno liweke kule anakoangalia. Mtu akifuata macho yake alikute."

Alikuwa sahihi. Niliumia kwamba yuko sahihi. Nikaandika upande ule, kwa herufi kubwa za mkono, neno moja: UMEMSIKIA?

Tulikaa tukikata, yeye anakunja pembe na mimi natoboa na kuandika. Anakunja vizuri kuliko mimi. Mwanangu akawa anakusanya vile vipande vya kaki nilivyotoboa na kumpelekea muuza kandambili. Tulipotundika kumi za kwanza, yule yule kijana wa bodaboda akapita, akapunguza mwendo, akarudi nyuma kwa miguu na pikipiki katikati ya mapaja.

"Huyu nani?"

"Soma," nikasema.

"Nimesoma. Nauliza ni nani."

"Humjui, na wimbo wake ndio mlio wa simu yako."

Alitaka kupanua dirisha la kaki kwa kidole achungulie, nikampiga kidole. Akanunua. Akaondoka analipasua kava akiwa juu ya pikipiki, na tulimsikia mbele huko anapiga kelele, "Kumbe ndiye yule wa mbegu!" Lakini alikuwa ameshakwenda nalo.

Hayakuisha yote. Nisikuze mambo. Robota moja liliondoka, la pili likabaki zaidi ya nusu, na yule mzee wa koti la kijivu alirudi akasema hata likivikwa nini yeye anataka mbegu. Lakini mwimbaji alisikia watu wakiulizana, akainuka kwa wauza vitenge, akaja. Alichukua moja, akalishika mbali kidogo na macho kama watu wazima wanavyofanya. Akalitazama dirisha. Akasema kitu kwa Kinyiramba ambacho sitakifasiri, kwa sababu alikisema kwa ajili yake mwenyewe. Akaimba pale pale, amesimama, ameshika kaki mkononi.

Siku iliyofuata mwalimu alituita. Alikuwa na habari za Nduguti, ambako maofisa wa kilimo walilipokea jarida kwa furaha kubwa na kulipanga kwenye meza ya mapokezi pamoja na ya kwao. Hakuwa anacheka. Nikajiandaa. Nilijua binti atasema, na ana haki, ningekuwa yeye ningesema tangu mlangoni.

"Baba mdogo," binti akasema, "kosa ni langu. Sikuwajua watu wa kule. Wazo la kaki lilikuwa la dada. La nne mpe yeye. Ni lake."

Akaishia hapo. Kuhusu "iko vizuri sana" hakusema neno, wala siku ile wala baadaye. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaniambia, "Haya mama, la nne utafanya wewe," kana kwamba ananirudishia sufuria.

Nimelipata jalada langu. Nililitaka hivyo? Nililitaka kwa kumshinda, nimepewa mkononi na mtu niliyemwibia. Alinizidi laptopu, akanizidi diploma, mwanangu akamkimbilia kuliko anavyonikimbilia mimi, na hata kwenye wema, ambako hakuna chuo, amenizidi. Nimekasirika mpaka leo. Sijui nimemkasirikia nani, lakini hasira ipo, naujua uzito wake, naamka nayo.

Jana nilikaa kwenye kompyuta na picha ya toleo la nne, mzee mpiga zeze wa kule kwetu, amekonda, macho yamezama. Nimemkata kifuani, nimeweka kichwa chake juu ya jina. Nimetumia nyekundu mara mbili tu. Nikaangalia, nikaona ni zuri, halafu nikakumbuka kwamba binti naye aliona lake ni zuri.

Alikuwa mlangoni anamnawisha mwanangu mikono. Nilikaa nimenuna kitambo, nikitumaini atakuja mwenyewe. Hakuja.

"Wewe," nikamwita. "Njoo uangalie hapa."

Akaja, anajifuta mikono kwenye sketi.

"Na usiniambie iko vizuri."